Mama Spika na Vyeti vya Kusikiliza

Mwanamke huyu hajawahi kunong'ona. Hajui inafanywaje. Alizaliwa kwenye nyumba iliyopakana ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka, baba yake ndiye aliyeiendesha, na kwao mtu akitaka kusogezewa kikombe alilazimika kuita kama anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Ndugu zake walipohama pale, sauti zao zilishuka kidogo kidogo zikafika kiwango cha binadamu. Yake iligoma. Alipokwenda chuo cha ualimu, mkufunzi alimsikiliza akifundisha somo la majaribio, akamwambia kwa upole kwamba achukue michezo, mambo ya uwanjani, kwenye hewa, maana humu ndani atawatoboa watoto wa watu masikio.

Akaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye nyundo na grainda zilishakula nusu ya masikio yake. Wakapatana vizuri sana. Ni ndoa pekee mtaani ambayo majirani wanajua kila neno lililosemwa ndani yake, na bado haina umbea, kwa sababu mengi ya hayo maneno ni "UMEFUNGA GETI?" na "MCHUZI UNAPOA!"

Wanafunzi walimwita Mama Spika. Alilijua hilo jina na alijifanya halijui, ingawa siku moja lilipotamkwa karibu naye aligeuka na kuitika. Alifundisha michezo, na ndiye aliyesimamia paredi ya usafi: kucha, soksi, kola. Akisema "MIKONO MBELE!" shule nzima ilinyoosha mikono, pamoja na mpishi jikoni. Shule ilikuwa na kipaza sauti, fahari ya mkuu wa shule, kilichokoroma kama mzee mwenye mafua. Hakikuhitajika mwalimu huyu akiwa zamu.

Basi kwenye shule hii yakaletwa mafunzo.

Yalikuja kwa mtandao, kama yanavyokuja siku hizi mambo yote ambayo hakuna mtu aliye tayari kusafiri aje kuyasema ana kwa ana. Idara ya elimu iliagiza kila mwalimu asome kozi ya namna ya kumsaidia mwanafunzi anayejiumiza mwenyewe, yaani mtoto ambaye yaliyomo moyoni yamemzidi mpaka anayahamishia mwilini. Jambo zito. Jambo la kumfanya mtu mzima akae chini, avue miwani, afikiri. Chumba cha walimu kilikaa chini, kikavua miwani, kikauliza: "Cheti kinatoka lini?"

Mkuu wa shule aliitwa, akiwa hayupo, Bwana Utekelezaji. Neno hilo lilimtoka kama kikohozi kinavyowatoka wengine.

"Nataka asilimia mia," alisema kwenye kikao. "Wageni wa idara wakija wakute utekelezaji umekamilika. Hakuna mwalimu wa kubaki nyuma."

"Mkuu, tuisome au tuimalize?" aliuliza mwalimu wa fizikia.

"Kwani kuna tofauti gani?"

Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Mtu huyo mzaha hata haumfahamu. Mzaha ukimkuta njiani, atauomba kitambulisho.

Ndani ya kompyuta ya shule alikaa dada mmoja mbele ya ua la plastiki, mikono imeunganishwa kama anayesubiri kuombwa radhi, akitabasamu hata pale sentensi ilipokuwa ya msiba. Walimu walimpachika jina la Dada Pole. "Karibu, mwalimu mpendwa," Dada Pole alisema. "Leo tutajifunza kusikiliza." Hapo hapo mwalimu wa historia akabonyeza kitufe cha kuzima sauti.

Wangemaliza kozi yote hivyo hivyo, dada akipiga midomo kama samaki na wao wakinywa chai, lakini waliotengeneza kozi walikuwa wajanja kidogo. Kila sehemu ilipoisha, mashine ilimtaka mwalimu ajibu kwa mdomo wake. "Mwanafunzi amekueleza kwamba anajiumiza. Mjibu." Ukisema, mashine inaandika ulichosema na kukupa alama.

Wajanja hao hawakujua kwamba chumba cha walimu kimepakana na karakana ya useremala. Kutwa nzima msumeno unalia, randa inakwaruza, vijana wanagonga misumari kama wana ugomvi nayo. Na mtandao ulifika kwenye chumba hicho tu, tena ulifika umechoka, kwa hiyo hapakuwa na pa kuhamia. Mwalimu wa fizikia alisogea akasema jibu lake. "Sauti haijasikika. Tafadhali rudia." Akasogea zaidi, akaweka mdomo kwenye kompyuta kama anayempulizia pumzi mtu aliyezama. "Sauti haijasikika. Tafadhali rudia." Mwalimu wa historia akamwambia aitekenye.

Ndipo Mama Spika akaingia akitokea uwanjani.

"NANI KACHUKUA FILIMBI YANGU?"

Mashine ikaandika mara moja, kwa hati safi: Nani kachukua filimbi yangu? Chini yake ikaongeza: "Jibu lako halijaonyesha huruma ya kutosha. Jaribu tena."

Walimu wakatazamana. Baadhi ya mambo hayahitaji kikao. Kiti kikavutwa, chai ikamiminwa, mtu akaipata filimbi iliyokuwa mfukoni mwake muda wote. "Dada yetu," mwalimu wa fizikia akasema kwa sauti ya asali, "hebu tusemee."

"NI MIMI MSEMAJI WA MABUBU SASA?"

"Ni kusema tu, dada. Majibu tunakuonyesha."

Alikubali. Hakukubali kwa wema. Alikubali kwa sababu alikuwa anasubiri kupandishwa cheo tangu ujana wake na mkuu alikuwa ameshasema cheo kitaambatana na cheti, na kwa sababu, tuseme ukweli, maishani mwake ilikuwa mara ya kwanza kuombwa aongeze sauti. Akafanya ya kwake, akafanya ya fizikia, ya historia, ya yule wa hesabu aliyekuwa amelala kwenye kochi, na ya mkuu mwenyewe, ambaye alituma nywila yake imekunjwa kwenye karatasi kama barua ya mapenzi. Majibu hayakuonyeshwa na mtu, maana hakuna aliyeyajua, kwa hiyo ilibidi Dada Pole afunguliwe sauti na Mama Spika amsikilize. Kila mwalimu alikuwa na kozi yake, na kila kozi ilianza upya kwenye ua la plastiki.

"ASANTE KWA KUNIAMBIA! SI KOSA LAKO! SITAKUFOKEA!"

Kunguru waliruka kutoka kwenye bati. Hilo la tatu hasa, la kutofokea, lilifika mpaka kwenye barabara.

Hakuliamini hata moja. "Huyu dada angeletewa kidato cha tatu baada ya chakula cha mchana," aliwaambia wenzake, "hilo tabasamu lingeomba uhamisho." Wakacheka. Wakammiminia chai nyingine. Nje, wanafunzi wakayadaka maneno kama wanavyodaka kila kisichowahusu, yakawa utani wa shule nzima. Mtu akimwaga uji wa mwenzake, anapigwa bega: "Si kosa lako!" Aliyepata sifuri akionyesha karatasi, wenzake wanamjibu kwa pamoja, wamepanua vifua: "ASANTE KWA KUNIAMBIA!"

Mmoja hakucheka. Chini ya dirisha la chumba cha walimu ilining'inia kengele ya shule, kipande cha reli, na aliyeigonga alikuwa binti wa kidato cha pili. Kazi hiyo alipewa kwa sababu hachelewi na haongei. Kila kipindi kilipokaribia kuisha alisimama pale na nyundo yake akisubiri, na alisikia kozi zote, ya mwalimu huyu na ya yule, mpaka ya mkuu.

Alasiri moja alimfuata Mama Spika kwenye stoo ya michezo. Mwalimu alikuwa anajaza mipira upepo.

"Shikamoo, mwalimu."

"MARAHABA! Mbona unaruka kama umeguswa na umeme? Sema."

"Naomba kuuliza." Binti alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Yale maneno unayosema mle ndani. Ni ya kweli au ni ya mtihani?"

Mama Spika alicheka. "Ya mtihani, mwanangu! Watu wazima wanafanya mtihani kwa mdomo wangu."

"Sawa," binti akasema, akageuka aondoke.

Mwalimu wa michezo husikia "sawa" nyingi. Ipo sawa ya utii, ipo ya kiburi, ipo ya mtoto mwenye njaa anayetaka maneno yaishe akale. Hii ilikuwa ya mtu anayefunga duka kwa sababu hakuna mteja. Mama Spika akamtazama vizuri. Jua lilikuwa linachemsha bati, na binti alikuwa amevaa sweta, mikono ya sweta ameivuta mpaka imefunika vidole.

"Rudi," akasema. "Yalikuwa ya mtihani kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza. Ukiniuliza wewe, nitakujibu ya kwangu."

Binti hakurudi, lakini hakuondoka. Aliongea akiiangalia mipira. "Yule mwanafunzi wa kwenye mtihani," akasema. "Ni mimi."

Hapo palikuwa na maneno yote ya Dada Pole, yamepangwa, yamekaririwa, yamepewa alama. Mama Spika akafungua mdomo, na lililotoka ni lile ambalo Dada Pole alilikataza kabla ya yote.

"KWA NINI?"

Ndani ya stoo ya bati ilisikika kama hukumu. Binti akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Mama Spika akajiziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya mpira, akabaki hivyo, macho yamemtoka. Kisha akajishusha kwenye godoro la mazoezi, akaacha nafasi kando yake. Muda ulipita ambao yeye, kwa kawaida yake, angeujaza hotuba mbili na onyo. Binti akaja akaketi pembeni kabisa, akaanza kuongea polepole.

Aliyoyasema ni yake, hayahusu umbea wa mtu. Yatosha kujua kwamba mwalimu hakumwomba amwonyeshe chochote. Aliuliza lile swali ambalo wenzake walitaka aliruke kwa sababu linachelewesha chai, kama anafikiria kufa. Binti akasema hapana, anataka tu kichwa kinyamaze kidogo. Halafu akasema:

"Usimwambie mtu. Niahidi, mwalimu."

Swali hili Mama Spika alikuwa amelipatia kwa niaba ya kila mwalimu wa shule hiyo, pamoja na yule aliyelala. Kwenye kompyuta lilikuwa na alama mbili. Hapa lilikuwa na uso.

"Hilo siwezi."

"Basi nyote ni wale wale."

"Ngoja kwanza. Mimi ni mwalimu wa mipira. Peke yangu sitoshi. Kliniki wapo watu wenye kazi hii, na nyumbani lazima ajue mtu mmoja. Ila nakuahidi kingine, na hicho nakiweza: hutashtukizwa. Wa kwanza kuambiwa utamchagua wewe, na nitakwenda nawe. Na hapa shuleni hakuna mtu atakayekuangalia mikono bila wewe kutaka."

Binti aliokota uzi kwenye godoro. "Shangazi," akasema mwishoni. "Ndiye ninayekaa naye. Leo yuko kazini mpaka usiku. Kesho jioni."

"Kesho jioni. Na hii namba yangu. Usiku ukikuzidi, piga. Hata kama huwezi kuongea, piga tu, mimi nitaongea."

"Utaamsha mtaa, mwalimu."

Ilikuwa nusu ya tabasamu, lakini ilikuwepo.

Mama Spika akatoka hapo kichwa kizito, akaitwa moja kwa moja kikaoni. Bwana Utekelezaji alikuwa amesimama, tai imenyooka, vyeti vya walimu wote vimebandikwa ukutani nyuma yake, mia kwa mia, mia kwa mia, kama picha za wagombea.

"Wageni wanakuja kesho," alisema. "Vyeti wataviona. Lakini cheti bila utekelezaji ni nini? Kwa hiyo kesho paredini, baada ya kucha, mwalimu wa zamu," akamwelekea Mama Spika, "atatoa amri: kunjeni mikono ya mashati mpaka begani. Walimu watapita mstari kwa mstari. Watakaopatikana na alama watatoka mbele ili wasaidiwe."

Ili wasaidiwe. Alisema hivyo, na paa halikuanguka. Walimu waliitikia kwa vichwa. Mwalimu wa fizikia, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mshauri wa wanafunzi kwa sababu ratiba yake ndiyo iliyokuwa na nafasi, aliinua mkono akauliza kama hao watakaosaidiwa watapigwa picha na sura au bila sura.

"HAIFAI!" Mama Spika akasimama. "Kozi imekataza! Usimkague mtoto, usimwaibishe mbele ya watu. Imesema waziwazi!"

"Kozi ipi?" mkuu akauliza.

"Hii mliyofaulu!"

"Mwalimu, tumefaulu sote. Asilimia mia. Kingekuwepo kitu kama hicho tungekijua."

"Mimi sikumbuki," akasema mwalimu wa hesabu.

"Utakumbukaje, ulikuwa umelala!"

"Nilikuwa nimelala na nikapata mia. Je, ningekuwa macho?"

Kicheko kikazunguka meza. Bwana Utekelezaji alisubiri kiishe, akakunja mikono. "Unataka kusema," aliuliza taratibu, "kwamba walimu hawa hawakufanya kozi wenyewe?"

Chumba chote kikamgeukia kwa yale macho ya watu waliokupa chai. Akisema ndiyo, amewauza wote, na amejiuza yeye kwanza, maana sauti ni yake. Cheo ndiyo kwaheri. Akisema hapana, basi wote ni wataalamu, na wataalamu wote isipokuwa mmoja wanaona kukunja mikono ni msaada. Alikuwa amewapikia mwenyewe hao wataalamu. Mama Spika akakaa. Mwalimu wa historia alitazama dirishani kuona kama mvua inakuja, maana kunyamaza kwa mwanamke huyu si jambo la kawaida.

"Basi utekelezaji uendelee," mkuu akasema.

Jioni, mumewe aliona sahani haijaguswa.

"UNAUMWA?"

"HAPANA. KUNA KITU KAZINI. NIKIKATAA WATANISHUSHA!"

"WAKUSHUSHE WAPI? UKO CHINI TAYARI!"

"KUNA MTOTO ATAUMIA. SIWEZI KUSEMA NI NANI."

"USISEME! MTAA MZIMA UNASIKIA!"

Kutoka ng'ambo ya ukuta jirani akaunga mkono: "Kweli, usiseme!"

Fundi alivuta sahani ya mkewe, akaipunguzia nyama moja, akairudisha. "ULIMUAHIDI HUYO MTOTO?"

"NILIMUAHIDI."

"SASA UNANIULIZA NINI?"

Kesho yake wageni walifika wamependeza: mama wa idara mwenye kitambulisho kikubwa shingoni kama medali, na mpiga picha aliyekuwa anatafuta mwanga mzuri. Kengele iligongwa. Binti aliiweka nyundo chini, akaenda kwenye mstari wa darasa lake, safu ya pili, sweta limefungwa mpaka kidevuni. Habari ya kukunja mikono ilishavuja; shule ni chujio. Wanafunzi walikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida yao. Walimu walijipanga pembeni, wameshika mikono nyuma, sura za watu waliosomea jambo.

"MIKONO MBELE!" Kucha zikakaguliwa. Soksi zikakaguliwa. Mpiga picha akapiga kucha.

Bwana Utekelezaji akatabasamu kwa wageni, kisha akasogeza kidevu. "Mwalimu wa zamu, endelea na hatua inayofuata."

Binti hakulia wala hakuinama. Alimkazia mwalimu macho, kama mtu aliyeweka mguu kwenye ubao juu ya mtaro na anasikiliza kama utavunjika.

"SHULE!" Hata mama wa idara alisimama wima. "MIKONO CHINI! NYUMA, GEUKA! MADARASANI! MBIO!"

Miguu ilimtii kabla vichwa havijauliza. Miaka yote hiyo ya kucha na soksi ilifanya kazi yake: uwanja mzima ukageuka, ukaondoka kama maji yaliyotolewa kizibo. Bwana Utekelezaji alirukia kipaza sauti. "Wanafunzi! Simameni! Rudini!" Kikakoroma. Waliokuwa mbali hawakusikia, na waliokuwa karibu walijifanya viziwi kwa ustadi ambao hakuna kozi inayoufundisha. Uwanja ukabaki mtupu, vumbi limesimama, walimu wametoa macho. Mpiga picha, kwa kukosa kingine, akapiga vumbi.

"Hii ndiyo hatua inayofuata?" mama wa idara akauliza.

"Hapana, mama." Mama Spika alijaribu kushusha sauti, kwa hiyo walimsikia mpaka madarasa ya upande wa jikoni tu. "Iliyofuata ilikuwa kuwafunua watoto mikono mbele ya kamera yenu. Kozi yenu inakataza. Walimu hawa hawajui, kwa sababu hawajaisoma. Nimeisema mimi, yote, kuanzia ya mkuu mpaka yangu."

Pembeni, mwalimu wa fizikia alianza kukagua kucha zake mwenyewe.

Mama wa idara alitazama uwanja mtupu, akawatazama walimu mmoja mmoja. Alikuwa na uso wa mtu makini. Mtu angeweza kutumaini.

"Lakini ile asilimia mia," hatimaye akamwuliza mkuu, "ilishaingia kwenye ripoti?"

"Ilishaingia, mheshimiwa."

"Basi tuzungumze ofisini."

Ofisini walizungumza mlango umefungwa, na uamuzi uliotoka humo unastahili kuwekwa kwenye fremu. Vyeti vyote vitabaki ukutani, kwa sababu kuvitoa kungeleta maswali. Ukaguzi wa mikono usifanyike, wala usitajwe. Mwalimu wa zamu abadilishwe. Paredi apewe mwalimu wa fizikia, ambaye sauti yake hufika mstari wa pili ikiwa upepo umemsaidia. Suala la cheo lisubiri. Na kwa kuwa mwalimu wa michezo ameonyesha upungufu katika utekelezaji wa mafunzo, yeye, na yeye peke yake, airudie kozi.

Chumba cha walimu kilimpokea kwa migongo. Hakuna aliyemmiminia chai. Mwalimu wa hesabu alimwita msaliti, akajifunika gazeti, akalala.

Jioni walikwenda kwa shangazi, mwalimu mbele na binti nyuma kidogo. Shangazi alikuwa dobi kwenye hoteli; aliporudi nyumbani alipiga pasi nguo za wengine. Chumba kilijaa mashuka na mvuke. Aliwakaribisha bila kuacha pasi, akimtazama mwalimu kwa wasiwasi wa mzazi yeyote ambaye mwalimu amemfuata nyumbani.

"Amefanya nini huyu?"

"Hajafanya kosa," Mama Spika akasema.

"Anza wewe, mwalimu," binti akamwambia kando ya sikio. Ndivyo walivyokubaliana njiani.

"SHANGAZI, TUMEKUJA KWA JAMBO LA SIRI KIDOGO—"

Chumba cha jirani, redio ikapunguzwa. Nje, miguu iliyokuwa inapita ikasimama.

"Mwalimu, kuna moto?" shangazi akauliza.

Mama Spika akajaribu tena, chini zaidi. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi. Akajaribu mara nyingine, jasho likamtoka. Mkwaruzo ule ule. Amewasemea wasiotaka kusema, akawapatia mia kwa mia, na sasa aliyetaka kweli asemewe anamkosa.

"Acha, mwalimu," binti akasema. "Nyamaza tu. Nitasema mwenyewe."

Akachukua pembe mbili za shuka lililokuwa kitandani, akaanza kulikunja, na huku analikunja akasema. Alisema kwa sauti ndogo iliyotosha chumba hicho na isiyovuka ukuta. Shangazi aliisimamisha pasi, akachomoa waya. Sura yake ilipita kwenye hofu, ikapita kwenye hasira, na mdomo ulipofunguka Mama Spika alilijua neno lililokuwa njiani. Akaweka kiganja chake kizito juu ya bega la shangazi, akakiacha hapo. Shangazi akalimeza. Akanyoosha mkono, akashika pembe nyingine za shuka, wakalikunja pamoja, nusu, nusu tena, mpaka likawa dogo na wao wako karibu.

"Hiyo kliniki," shangazi akasema baadaye, "wanafungua asubuhi?"

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Nitaomba ruhusa kazini. Mwalimu naye aje?" Alimwuliza binti, si mwalimu.

Binti aliliweka shuka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Aje," akasema. "Ila asiongee."